Kamusi kubwa za muziki na taarab ya Mombasa: jibu kwa mwanafunzi aliyeambiwa aanze na Grove

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, naishi Kisauni, na nimeanza tasnifu juu ya taarab ya Mombasa katika enzi ya santuri. Msimamizi wangu amelirudisha pendekezo langu akisema halina vitabu vya marejeo vinavyokubalika katika taaluma ya muziki, na akanitajia Grove, MGG, RILM na RISM bila kunieleza zaidi. Grove ya zamani niliipata mtandaoni, nikatafuta taarab nisiione. Je, kazi hizi ni za lazima kwa mtu anayeandika juu ya udi na harusi za Mji wa Kale? Na nikiwa hapa Mombasa, sina pesa za kulipia hifadhi za vyuo vya nje, nitazifikia vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekuambia jambo la haki, ila amekuacha nusu ya njia. Majina hayo manne ni ya kazi ambazo kila mtafiti wa muziki anatarajiwa kuzijua, na huna budi kuzipitia. Lakini kila moja ilijengwa na watu fulani kwa ajili ya muziki fulani, na asiyejua ilijengwa ili kuona nini ataifungua, atakosa anachokitafuta, kisha atadhani kwamba muziki wa kwao haujapata kuandikwa. Hayo umekwisha kuyaonja.

Nianze na hiyo Grove uliyoipata. George Grove alikuwa mhandisi wa Kiingereza, na katika ujana wake alisimamia ujenzi wa minara ya taa za bahari huko Jamaica na Bermuda kabla ya kujitia katika mambo ya muziki. Kamusi yake ilitoka London kwa juzuu 4 kati ya mwaka 1879 na 1889, na ukurasa wa jina ulitangaza kwamba inaanzia mwaka 1450, kwa maana ya muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa nota. Makala marefu juu ya Beethoven, Schubert na Mendelssohn aliyaandika mwenyewe. Sasa weka tarehe hizo kando ya zako: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri zake za kwanza mwaka 1928, karibu miaka 40 baada ya juzuu ya mwisho ya Grove kutoka. Nakala hiyo unaisoma bure kwa sababu haki zake za uchapishaji zilikwisha zamani. Itakufaa siku utakapotaka kujua Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria waliuelewaje muziki. Kwa taarab haikufai.

Grove anayoisema msimamizi wako ni ile iliyoandikwa upya. Toleo la mwaka 1980, lililohaririwa na Stanley Sadie, lina juzuu 20. Lililofuata, la mwaka 2001, Sadie akiwa pamoja na John Tyrrell, lina juzuu 29, na tangu mwaka huo kazi hiyo imekuwa ikisomwa mtandaoni kwa malipo, makala yake yakirekebishwa na mengine mapya kuongezwa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1980, pale muziki wa nje ya Ulaya ulipopewa nafasi ambayo haikuwahi kupewa kabla. Kwa hiyo usiishie kutafuta neno moja. Tafuta Kenya, tafuta Tanzania, tafuta jina la ala, tafuta Uswahili, kisha ufuate kila kiungo kinachokupeleka kwenye makala mengine.

Na ukiyafungua makala ya Grove, anza kuyasoma mwishoni. Kila makala ya maana hufungwa kwa orodha ya maandishi yaliyotangulia, na katika Grove orodha hiyo hupangwa kwa miaka, wa kale mbele na wa karibuni nyuma. Ndani ya orodha hiyo utamwona nani aliandika kwanza, nani alimfuata, miaka gani watu walinyamaza, na ni lini jambo lilianza kupendwa na watafiti. Matini yenyewe ni muhtasari wa mtu mmoja aliyepewa idadi ya maneno. Ile orodha ndiyo njia inayokupeleka kwa wengine. Mwanafunzi anayenukuu aya ya Grove juu ya Kenya na kuishia hapo amesimama mlangoni. Anayenakili orodha yote, akatafuta kila kazi na kuangalia nayo imenukuu nani, huyo ameingia ndani.

Usiichukulie pia kama msahafu. Katika chapa ya kwanza ya toleo la mwaka 1980 waliingizwa watunzi wawili ambao hawakupata kuishi, mmoja wao akiitwa Dag Henrik Esrum-Hellerup, aliyedaiwa kuwa mpiga filimbi na mtunzi wa Denmark. Ilikuwa mizaha ya waandishi, na ilipita mikononi mwa wahariri makini kuliko wote wa fani hii. Nakutajia hili kwa sababu moja: jina, tarehe au mahali pa kuzaliwa ambapo tasnifu yako inapategemea, patafutie shahidi wa pili hata kama wa kwanza ni Grove.

MGG ni kifupi cha Die Musik in Geschichte und Gegenwart, yaani muziki katika historia na katika wakati huu. Ni ensaiklopidia ya Kijerumani iliyoanza kutoka mwaka 1949 chini ya Friedrich Blume na kufikia juzuu 17 mwaka 1986. Toleo la pili, la Ludwig Finscher, lilitoka kati ya mwaka 1994 na 2008, na tangu mwaka 2016 ipo mtandaoni. Toleo hilo la pili liligawanywa sehemu mbili, moja ya mada na moja ya watu. Kwa kazi yako sehemu ya mada ndiyo yenye uzito, kwa kuwa waimbaji wetu ni wachache sana katika sehemu ya watu ya ensaiklopidia yoyote ile. Usiogope Kijerumani. Orodha za maandishi husomeka hata kwa asiyejua lugha, na Wajerumani wameandika mengi juu ya Uswahili ambayo wasomaji wa Kiingereza hawakuyaona.

RISM nitaipita upesi. Ilianzishwa Paris mwaka 1952 ili kuorodhesha miswada na machapisho ya kale ya nota yaliyotawanyika katika maktaba, makanisa na majumba ya watu, na orodha yake ya mtandaoni, yenye rekodi zaidi ya milioni moja, hutazamwa bure. Ni kazi kubwa yenye heshima yake, lakini inahesabu muziki ulioandikwa kwa nota, na mafundi wa udi wa Mombasa walirithishana kwa sikio. Itaje katika pendekezo kwa sentensi moja ukieleza kwa nini haikuhusu, na msimamizi wako ataona kwamba umeijua kabla ya kuiacha.

RILM ndiyo itakayokupa faida kubwa kuliko zote nne. Ilianzishwa mwaka 1966 na Barry S. Brook huko New York, na kazi yake ni kukusanya taarifa za maandishi yote ya kitaaluma juu ya muziki: vitabu, makala ya majarida, tasnifu, sura za vitabu vya pamoja, kwa lugha nyingi, kila moja na ikisiri yake. Grove hukuambia kilichokwisha kukubalika. RILM hukuambia nani ameandika nini, hata kama hakuna aliyekubaliana naye. Tasnifu iliyolala kwenye rafu ya chuo bila kuchapishwa unaweza kuikuta humo. Ila RILM hukujibu kwa lile neno uliloliandika na si jingine, na hapo ndipo watafiti wa pwani yetu wanapopotea.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa siku nzima mbele ya droo za kadi za maktaba moja kubwa nikitafuta herufi sita, t-a-a-r-a-b, nikatoka na kadi mbili tu. Niliandika katika pendekezo langu kwamba taarab ya Kenya haijatafitiwa. Mtahini alilizungushia wino mwekundu neno hilo «haijatafitiwa» na pembeni akaandika majina ya maandishi kumi na moja. Yote yalikuwamo katika droo zile zile: mengine chini ya nyimbo za Kiswahili, mengine chini ya Waarabu wa Afrika Mashariki, mengine chini ya harusi, na moja chini ya tarabu kwa herufi moja ya a. Siku ile niliona aibu, lakini nilijifunza kazi.

Basi kabla hujaigusa RILM, chukua karatasi, uandike kila namna ambayo neno lako limewahi kuandikwa. Taarab, taarabu, tarab, tarabu. Udi, ud, oud, na ʿūd ya wale wanaofuata maandishi ya Kiarabu. Kanuni na qanun. Nai na nay. Gambusi, gabusi, qanbus, na kibangala kama wasemavyo watu wa upande wa Lamu. Dumbaki na darbuka. Mombasa na Mvita. Hata majina ya watu: Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu aliyeishi hapa kwetu, utakuta jina lake limeandikwa kwa namna tatu au nne, na kila namna ina maandishi yake. Karatasi hiyo ni bora kuliko saa nyingi za kubonyeza kompyuta.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotamani ulichukue kuliko mengine yote. Kazi za marejeo za muziki zimepanga dunia kwa mabara. Taarab ya Mombasa imepangwa kwa bahari. Itazame Garland Encyclopedia of World Music, ensaiklopidia ya juzuu 10 iliyotoka kati ya mwaka 1998 na 2002, ambayo kwa muziki wa mataifa inafaa kuliko Grove kwa kuwa haikuanzia Ulaya. Juzuu ya kwanza, ya mwaka 1998, iliyohaririwa na Ruth M. Stone, ni ya Afrika, na mwanafunzi wa Kenya huifungua hiyo na kuifunga. Lakini udi, na majina ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo mafundi wetu huyataja, rasti, bayati, hijazi, maelezo yake yamo katika juzuu ya 6, ya Mashariki ya Kati. Na yale mahadhi ya filamu za Kihindi ambayo mwimbaji Juma Bhalo aliyavika maneno ya Kiswahili mpaka watu wakasahau yalikotoka, mizizi yake imo katika juzuu ya 5, ya Asia ya Kusini. Kwa hiyo wimbo mmoja uliopigwa katika harusi moja ya Kibokoni umekatwa vipande vitatu na kuwekwa katika juzuu tatu zilizo mbalimbali. Hakuna mhariri aliyekosea. Ni mpango wa kitabu. Ila wewe ndiwe utakayeviunga, na ukiviunga vizuri hiyo peke yake ni sura moja ya tasnifu.

Kwa sababu hiyo hiyo nakuhimiza ufungue kitabu ambacho walimu wa muziki husahau kukitaja, Encyclopaedia of Islam. Toleo lake la kwanza lilitoka kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na la pili kati ya mwaka 1960 na 2005. Makala yake mengi ya ala yaliandikwa na Henry George Farmer, mtaalamu wa muziki wa Kiarabu aliyekuwa Glasgow, na makala yake juu ya udi yanafuata ala hiyo karne kwa karne. Ukiyasoma kisha umtazame fundi wa Mji wa Kale akikaza nyuzi, utajua ni kipi kimeletwa na kipi kimezaliwa hapa.

Juu ya ala sharti nikae kidogo, maana hapa kitabu cha marejeo hulazimisha macho kuona. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walichapisha katika jarida moja la Berlin mpango wa kuzipanga ala zote za dunia kwa namba, kufuata kile kinachotetemeka na kutoa sauti. Makundi yao yalikuwa manne: ala ambazo mwili wake wenyewe hulia (idiofoni), za ngozi (membranofoni), za nyuzi (kordofoni), na za pumzi (aerofoni). Baadaye Sachs aliongeza za umeme. Wazo la makundi manne si geni. Wahindi walikuwa nalo katika maandishi yao ya kale, na Mahillon wa jumba la makumbusho la Brussels alilitumia kabla yao. Makumbusho mengi ya dunia bado hupanga ala zao kwa namba hizo, na Kamusi ya Ala ya Grove, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984 kwa juzuu 3, huzitegemea.

Chukua vugo. Umewaona kina mama wakimsindikiza bibi harusi, kila mmoja ameshika pembe ya nyati mkono wa kushoto na kijiti mkono wa kulia. Anayesoma neno «pembe» katika ripoti ya mgeni ataliweka vugo pamoja na siwa, katika ala za pumzi, na nimewahi kuliona limewekwa hivyo. Lakini pembe ya vugo haipulizwi. Hugongwa, na kinacholia ni pembe yenyewe. Kwa Hornbostel na Sachs ni 111.2, idiofoni ya kugongwa. Siwa, ambayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni, ni 423.122. Nzumari yenye ulimi wa matete mawili inaanzia 422.1. Udi, wenye tumbo la bakuli na shingo, ni 321.321. Ukiyaandika hayo katika tasnifu, mtahini wa Helsinki au Accra ambaye hajapata kufika pwani atajua ni ala gani unayoisema, na hatakuuliza tena.

Taishokoto ina kisa kizuri zaidi. Wengi hapa hudhani ni ala ya Kihindi kwa sababu iliingia pamoja na mahadhi ya Kihindi, na Wahindi wenyewe wanayo, wakiiita bulbul tarang. Jina ulijualo, ambalo Unguja hulikata likawa tashkota, lina Kijapani ndani yake. Tafuta taishōgoto katika kamusi za ala, utakuta ilibuniwa Nagoya mwaka 1912, enzi ya Taishō ilipoanza, na ndipo ilipopata jina. Ni kordofoni isiyo na shingo, ya jamaa ya zitha, yenye vibonyezo mithili ya mashine ya kupiga chapa, na mkono wa pili hukwanyua nyuzi. Zuhura Swaleh aliifanya iwe sauti ya taarab ya kike ya Mombasa. Njia yote hiyo, kutoka Nagoya kupitia India mpaka bandarini kwetu, unaifuata kwa kamusi mbili tu, iwapo umeandika tahajia sawasawa.

Hapo nataka nikuonyeshe kamusi ambazo hazijiiti za muziki. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, ilikusanywa zaidi kutoka Kimvita, kwa kuwa Krapf aliishi Mombasa na Rabai. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Sacleux, iliyoanza kutoka mwaka 1939, hubainisha neno ni la lahaja gani, na kwako hilo ni dhahabu. Ya Johnson ni ya mwaka huo huo. Tafuta humo gungu, na utaona wazee walitofautisha gungu la kufunda na gungu la kukwaa. Tafuta chapuo, vumi, msondo, tumbuizo. Edward Steere naye alichapisha utumbuizo wa gungu katika kitabu chake cha hadithi cha mwaka 1870. Haya ni maneno ya ngoma na kuimba yaliyonaswa kabla taarab haijapanda jukwaa la Mombasa, na mtafiti asiyeyapitia huandika kana kwamba mji huu ulikuwa kimya mpaka santuri ilipofika.

Vilevile ushairi. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Kwa hiyo orodha za fasihi ya Kiswahili ni marejeo yako kama zilivyo orodha za muziki. Ukienda maktaba iliyopangwa kwa namba za Dewey, usisimame kwenye 780 ya muziki peke yake; pita pia 896.392, ya fasihi ya Kiswahili, kisha 392.5, ya desturi za harusi, kisha 306.4, ya utamaduni. Taarab imelala kwenye rafu zote nne.

Kwa Afrika kuna orodha za maandishi zilizotangulia hifadhi za mtandao, na bado hazijapitwa: ya Gaskin ya mwaka 1965, na ya John Gray ya mwaka 1991, iliyopangwa kwa nchi na aina za muziki. Kwa santuri ndefu (LP) kuna orodha ya Alan Merriam ya mwaka 1970. Ukizipitia hizo, unganisha na vitabu vinavyokugusa moja kwa moja, uzisome orodha zao za marejeo kwa makini ule ule niliokuambia juu ya Grove. Cha Mwenda Ntarangwi cha mwaka 2003 kinahusu utamaduni wa Waswahili kwa njia ya nyimbo zao, Mombasa ikiwa katikati yake. Cha Kelly Askew cha mwaka 2002 ni cha Tanzania, na cha Janet Topp Fargion cha mwaka 2014 ni cha Unguja. Cha Terence Ranger juu ya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, kilitoka mwaka 1975, na cha Andrew Eisenberg juu ya muziki wa pwani ya Kenya kilitoka mwaka 2024. Ukianza na hicho cha mwisho ukarudi nyuma, utaokoa miezi.

Kwa sauti zenyewe, marejeo makubwa ya bara letu ni maktaba ya muziki ya Kiafrika, ILAM, aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo tangu mwaka 1978 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200, kila wimbo ukiwa na kadi inayotaja lugha, ala na mahali. Angalia tu kwamba Tracey alipanga watu kwa makabila na alipenda muziki aliouona wa asili. Mji kama Mombasa, ambamo Mswahili, Mwarabu, Mmijikenda na Mbulushi wanaweza kuketi katika bendi moja wakipiga mahadhi ya Bombay, haukuingia vizuri katika kadi zake.

Na santuri za biashara za Mombasa, hizo ndizo tasnifu yako inazihitaji kuliko chochote, na kwa hizo kitabu cha marejeo utakitunga wewe. Ukikaribishwa na mwenye sanduku la santuri, usikimbilie kuusikiliza wimbo. Ishike santuri kwa kingo, uisogeze dirishani, usome karatasi ya katikati: jina la lebo, tuseme Mzuri, iliyokuwa ya Assanand hapa hapa Mombasa; namba ya santuri; upande; jina la mwimbaji kama lilivyoandikwa, na makosa yake yote; jina la mtunzi kama lipo. Kisha iinamishe kidogo mpaka mwanga uingie katika ule uwazi laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi. Utaona herufi na namba zimekwanguliwa kwa mkono au kugongwa kwa chuma. Ndiyo namba ya kalibu (matrix) iliyotumika kugonga santuri, na mara nyingi ndiyo itakayokuonyesha kwamba santuri mbili zenye majina tofauti zilitoka kwenye rekodi moja, au kwamba ipi ilitangulia. Karatasi huchanika na kubandikwa nyingine; ile namba haibanduki. Iandike kwa penseli, upige na picha ya pande zote mbili.

Nimalize na swali lako la kufikia. Bila kulipa senti utasoma orodha ya RISM, Grove ya kwanza, Krapf, Steere, jarida la Swahili Forum ambalo limechapisha makala mazuri juu ya taarab, na matoleo mengi ya zamani ya jarida la African Music la ILAM. Grove ya sasa, MGG na RILM ni za kulipiwa, lakini anayelipa ni taasisi. Nenda kwa mkutubi wa chuo chako, umuulize kwa jina la kila hifadhi, si kwa jumla, kwa sababu vyuo vya Kenya hununua kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, na wanafunzi wengi hawajui kilichomo. Muulize pia kama neno la siri linafanya kazi ukiwa nyumbani Kisauni au ni lazima uwe chuoni. Ukikosa kabisa, mwandikie mwandishi wa makala barua pepe fupi yenye adabu. Mimi sijanyimwa nakala zaidi ya mara mbili. Hapa mjini pitia maktaba ya utafiti ya Fort Jesus na kituo cha utafiti wa Uswahili cha Makumbusho ya Taifa, RISSEA. Nairobi utaihitaji baadaye, kwa Nyaraka za Taifa na hifadhi ya sauti ya shirika la utangazaji, KBC, na uende siku utakapokuwa na namba za santuri mkononi, maana mtunza hifadhi hujibu haraka swali lenye namba.

Kila utakapofungua makala ya Grove au MGG mtandaoni, andika siku uliyoyafungua na jina la aliyeyatia sahihi. Makala hayo hurekebishwa, na mtahini atakayeyafungua mwaka ujao anaweza kukuta maneno mengine mahali pa yale uliyonukuu.